Vilivyosahauliwa Katika Udongo wa Taita

Msomaji, ukisafiri siku moja kutoka Voi kwenda Taveta, milima ya Taita itakaa mkono wako wa kulia mpaka upite Mwatate na Bura; kisha itabaki nyuma yako, na mbele itatandaa nyika ya miiba na mibuyu, yenye udongo mwekundu uleule unaowapaka rangi ndovu wa Tsavo. Utapita Maktau, utapita Mbuyuni, utakiona kilima kidogo cha Salaita, na kama mawingu yametanduka utauona mlima Kilimanjaro umesimama juu ya yote. Mtu asiye na habari atadhani kwamba katika nyika ile halikupata kutendeka jambo lolote ila wanyama kupita na mvua kukawia. Lakini penye handaki lililofukiwa nusu, huenda jicho lako likatua juu ya kipande cha shaba kilichopauka, chenye urefu wa kidole na tundu upande mmoja. Hilo ni ganda la risasi. Mtu aliyelitupa alikuwa amelala kifudifudi mahali pale ulipo, naye alikuwa akimwona, au akidhani kwamba anamwona, mtu aliyetaka kumwua.

Vita Vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, Kenya ilikuwa chini ya Waingereza, na nchi ya upande wa pili wa Kilimanjaro ilikuwa chini ya Wajerumani. Tarehe 15 Agosti mwaka huo majeshi ya Wajerumani yaliingia Taveta na kuutwaa. Kutoka hapo vikundi vyao vidogo vilivuka nyika usiku, vikiwa na baruti, kwenda kuivunja reli ya Mombasa. Waingereza nao, mwaka 1915, walianza kutandika reli nyingine kutoka Voi kuelekea magharibi, ili ibebe askari, mizinga na maji mpaka mpakani. Wakajaribu kuitwaa Mbuyuni Julai 1915, wakarudishwa. Tarehe 12 Februari 1916 wakaishambulia Salaita, na habari ya siku ile inafaa tuisimulie kidogo, kwa kuwa tutaihitaji baadaye.

Askari wa Afrika ya Kusini, ambao walikuwa ndio kwanza wamefika, walitumwa mbele. Mizinga ya Waingereza ilikipiga kilele cha Salaita kwa bidii kubwa. Kumbe mahandaki ya kweli ya Wajerumani hayakuwa kileleni. Yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa na vichaka. Wale waliokuja kwa miguu walipokaribia wakadhani kwamba adui amekwisha kusagwa, risasi zikatoka mahali wasipotazamia. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani wakawatokea kwa singe, wakawatimua. Kikosi cha Wabaluchi kutoka Bara Hindi ndicho kilichosimama imara na kuwafunika waliokimbia. Waingereza walipata hasara ya watu yapata 170, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, walikuja tena kwa nguvu kubwa zaidi, wakaitwaa Taveta, wakapigana katika vilima vya Latema na Reata, na vita vikahamia kusini. Nyika ikabaki na vilivyoangushwa.

Siku hizi wako watu wanaotafuta vitu vya namna hii kwa mashine. Ni fimbo ndefu yenye pete ya nyaya mwishoni, na mwenye nayo huipitisha juu ya ardhi kama mtu afyekaye majani, huku akisikiliza kwa vifaa vya masikioni. Kazi yake si uchawi. Umeme unaobadilika-badilika hupita katika pete ile na kuzaa nguvu ya sumaku inayopenya udongo. Ikikuta chuma, shaba, fedha au dhahabu, huamsha umeme mdogo ndani ya metali ile, nao hujibu, na mashine huligeuza jibu lile kuwa mlio. Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua simu, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuijaribu kanuni hii. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Bell akaletwa na chombo chake ili aitafute risasi ndani ya mwili wa mgonjwa. Hakufanikiwa, na Rais alifariki dunia Septemba ya mwaka ule. Katika vita vya pili vya dunia mashine za jamii hii zilitumika kutafuta mabomu yaliyozikwa katika jangwa la Misri. Leo hutumiwa na mafundi, na askari walinzi, na watafuta dhahabu, na watu ambao hawana haja nyingine ila kufurahi.

Yafaa ujue pia mambo ambayo mashine hii haiwezi. Haiwezi kutambua thamani: kifuniko cha chupa ya soda huilizia kwa furaha ileile ya sarafu ya zamani. Haisikii mbali; sarafu ndogo ikizama zaidi ya shubiri moja au mbili huwa imekwisha kuponyoka. Vito vya Taita, hata vile vya kijani vinavyoitwa tsavoraiti, haivijui kabisa, maana si metali. Na udongo mwekundu wenye chuma kingi huichanganya, ikapiga kelele pasipo na kitu. Kuna upungufu mwingine ulio mkubwa kuliko hii yote, nao nitautaja mwishoni.

Sasa tuseme kijana mmoja wa Maktau ameazima mashine hiyo. Asubuhi moja tu amejaza kopo: maganda ya risasi arobaini, vipande vya kombora, kifungo kimoja cha koti la askari, na sarafu yenye tundu katikati. Anarudi nyumbani, anavimwaga vyote mezani na kuvisugua kwa mchanga na ndimu mpaka ving'ae. Ni hazina nzuri kutazama. Lakini ukimwuliza, "Ganda hili ulilitoa wapi?" atakujibu, "Huko nyikani." Ukimwuliza lipi lilikuwa karibu na lipi, hatakumbuka. Kijana huyo hakuiba kitu, wala hakukusudia ubaya. Hata hivyo, kwa asubuhi moja, amefuta ukurasa ambao ulikuwa haujasomwa na mtu tangu 1915.

Huenda ukaona ninakuza jambo dogo. Nipe nafasi nikueleze jinsi ukurasa ule unavyosomwa.

Ganda la risasi huanguka karibu na aliyepiga; risasi yenyewe huanguka alipo aliyelengwa. Basi mahali penye maganda mengi palikuwa na wapigaji, na mahali penye vichwa vya risasi ndipo palipolengwa. Kadhalika maganda hayafanani. Ganda la bunduki ya Mwingereza wa wakati ule lina ukingo uliotokeza kitakoni. Askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani, hasa mwanzoni mwa vita, walipewa bunduki za zamani za mwaka 1871, zenye risasi nene za milimita 11 na baruti iliyotoa moshi mwingi uliowafichua; ganda lake ni nene, huwezi kulidhani la Mwingereza. Kitakoni mwa ganda aghalabu hugongwa alama za kiwanda na mwaka. Zaidi ya hayo, msumari wa bunduki uupigao mtambo wa risasi huacha kovu, na kovu la bunduki moja si sawa na la bunduki nyingine, kama vile alama za vidole vya watu zisivyolingana.

Huko Marekani kuna uwanja wa vita uitwao Little Bighorn, ambapo mwaka 1876 Wahindi Wekundu wa makabila ya Lakota na Cheyenne walilishinda jeshi la Jenerali Custer. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walibishana juu ya siku ile. Mwaka 1983 moto uliteketeza majani ya uwanja, na mwaka uliofuata wanaakiolojia waliwaita watu wenye mashine za kutafuta metali, wakawapanga mstari mmoja, watembee pamoja polepole. Kila mashine ilipolia, kijibendera kilichomekwa. Hakuna aliyechimba mpaka mahali pale pamepimwa na kuandikwa katika ramani. Kisha makovu ya maganda yakalinganishwa, na bunduki moja moja ikafuatwa ilivyohama kutoka hapa kwenda pale. Ikaonekana kwamba mambo mengi waliyoyasimulia wazee wa Kihindi, ambayo yalikuwa yamedharauliwa kwa muda mrefu, yalikuwa kweli. Mashine ni ileile aliyokuwa nayo kijana wetu wa Maktau. Tofauti yote ilikuwa katika bendera na karatasi.

Fikiri basi jambo hilo likifanywa Salaita. Vipande vya makombora vingeonekana vimejaa kileleni, na maganda yamejaa chini, na makosa ya wapiga mizinga yangesomeka ardhini waziwazi kuliko katika taarifa yoyote ya majenerali. Tena husimuliwa upande ule habari ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha katika mbuyu akiwadungua Waingereza mmoja mmoja. Hadithi hiyo hupendwa sana na wageni. Je, ni ya kweli? Maganda yaliyolala chini ya mti yangeweza kutoa ushahidi. Lakini mti wenye sifa ndio kwanza huchokolewa na kila mpita njia, na kila aliyeondoka na ganda moja mfukoni amemchukua shahidi mmoja.

Nageukia sarafu, ambazo ndizo huwasha zaidi tamaa za watu. Njia ya misafara kutoka Mombasa kwenda Kilimanjaro ilipita nchi ya Taita tangu zamani. Johannes Rebmann aliipita mwaka 1848. Lakini usitumaini kukuta mitungi ya dhahabu. Misafara ilinunua pembe na chakula kwa nguo, ushanga na nyaya za shaba, na sarafu kwa muda mrefu hazikuwa na kazi kubwa huku bara. Zikipatikana, zinaweza kukudanganya. Riale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, iliyotembea sana katika biashara ya Bahari ya Hindi, imeandikwa mwaka 1780. Lakini iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule kwa muda wa zaidi ya karne moja. Mtu akiiokota Voi na kutangaza kwamba Voi ilikuwa na wafanya biashara matajiri mwaka 1780, atakuwa amechekesha.

Sarafu husema jambo moja kwa yakini: haiwezi kuanguka kabla ya kutengenezwa. Wajerumani walitumia rupia, na tangu 1904 rupia moja iligawanywa kwa heller 100. Heller tano na heller kumi zilikuja kuwa na tundu katikati, kama zilivyokuwa senti kumi za Waingereza upande huu. Vita vilipowafungia njia ya bahari, walipiga sarafu zao wenyewe Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli: za shaba zenye herufi T, na za dhahabu za rupia 15, zenye sura ya ndovu. Basi ukiiona sarafu ya Tabora ya mwaka 1916 mahali palipopiganwa mwaka 1915, ujue kwamba haikuangushwa katika mapigano yale. Mwenye nayo alipita baadaye, labda mateka, labda askari arudiye nyumbani na kumbukumbu yake. Nitaongeza kwamba sarafu moja ya Mjerumani haikupotea ardhini hata kidogo. Watu wa upande wa pili wa mpaka wa Taveta huiangusha ulimini kila siku wanaposema "hela", maana neno hilo ni heller. Na sisi tusemao "pesa" tumehifadhi sarafu ndogo ya Bara Hindi.

Jinsi sarafu zinavyosaidiana ilionekana Pemba mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu, wanaakiolojia walipofukua akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani yetu. Sarafu hizo hazikuandikwa mwaka. Lakini pamoja nazo zilikuwako dinari chache za dhahabu zilizotoka ng'ambo, zenye tarehe. Ya mwisho ikaonyesha kwamba akiba ilizikwa katika karne ya 11 au baada yake. Ingekuwa mtafutaji mmoja amezikuta kwanza, akaziuza dhahabu Mombasa na kuzigawa fedha kwa marafiki, zile elfu mbili zingekuwa bubu mpaka leo.

Sheria ya Kenya juu ya mambo haya ni Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Hairuhusu mtu kwenda kutafuta na kuchimba vya kale pasipo leseni. Na mtu akivumbua kitu cha akiolojia, kwa bahati tu, hupewa siku saba kuwapa habari Makumbusho ya Taifa, akieleza mahali hasa na namna alivyokivumbua. Angalia kwamba sheria inadai mahali kwanza. Lakini ina mpaka mmoja ambao watu wa Taita Taveta wanapaswa kuufikiri: kitu cha kale, kwa maana ya sheria, ni kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Vita vya Maktau na Salaita vimeachwa nje ya mlango huo kwa miaka kama ishirini. Waziri anaweza kutangaza kwamba mahali fulani au kitu fulani chenye historia kilindwe, na pengine ndivyo ifaavyo. Ila ganda la risasi lililolala porini halina mlinzi wa karibu kuliko mchungaji wa mbuzi anayelipita kila asubuhi. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye hulipima kwa kilo.

Kuna makatazo mengine ambayo hayahitaji hakimu. Nchi kubwa ya wilaya zile ni mbuga ya Tsavo, na ranchi, na mashamba ya watu. Huingii bila ruhusa. Kombora au bomu la mkono ambalo halikulipuka laweza kulala miaka mia moja na bado likaua. Ukiliona, usiliguse, usilirushie jiwe, weka alama mbali nalo, kawaambie polisi. Tena milimani yamo mapango ambamo Wataita waliweka mafuvu ya wazee wao kwa heshima. Hapo si mahali pa mashine, hata kama mlio wa bangili ya shaba ungekuita.

Sasa niutaje ule upungufu niliouahirisha. Mashine husikia metali tu. Basi husikia wale waliokuwa na metali. Askari alikuwa na bunduki, vifungo, mshipi wenye bizimu, kopo la nyama, sarafu za mshahara. Lakini vita vya nyika ile havikubebwa na askari. Reli ilipokoma na magari yalipokwama, unga, risasi na majeruhi vilibebwa vichwani na mabegani mwa wachukuzi. Waingereza waliandika wachukuzi wengi kupita askari wao, mamia ya maelfu, kutoka Kenya, Uganda, Nyasa na Tanganyika. Na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Mtu aliyebeba mfuko wa unga, akala kwa mkono, akavaa blanketi na kulala chini, aliangusha nini ambacho mashine itakisikia miaka mia moja baadaye?

Vivyo hivyo Kasigau. Wajerumani walipofika katika mlima ule mwaka 1915, Waingereza waliwashuku wenyeji kwamba waliwasaidia. Wakawaondoa watu wa Kasigau katika vijiji vyao na kuwahamishia Malindi, ambako wengi walikufa kwa homa za pwani. Mawe ya jiko na vigae vya vyungu havilii.

Katika makaburi ya vita pale Voi amelala Luteni Wilbur Dartnell, kijana wa Australia. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alijeruhiwa mguu, na wenziwe wakataka kumbeba. Akakataa, akabaki na majeruhi wasioweza kuondolewa, kwa matumaini ya kuwaokoa, akauawa pamoja nao. Alipewa nishani ya Victoria, na jina lake limechorwa katika jiwe. Ni haki yake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, baada ya kuchunguza vitabu vyake yenyewe, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Taita Taveta atakayeifanya kazi hii vizuri atahitaji vyombo viwili. Cha kwanza ni daftari, ambamo ataandika mahali, siku, kina cha udongo, na kilichokuwa jirani, kabla mtu yeyote hajagusa kitu, kisha aifikishe karatasi ile kwa watu wa makumbusho. Cha pili ni sikio la kuketi nalo barazani. Waliobeba mizigo hawapo tena. Lakini wajukuu wao wapo Bura, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na baadhi yao walisikia kwa babu zao njia ilipopita, mahali palipokuwa na maji, na mahali walipowafukia wenzao chini ya mawe kando ya njia. Jeshi lile la wachukuzi, kwa Kiingereza, liliitwa Carrier Corps. Watu wetu walilitamka kwa ulimi wao, na jina likabaki katika mahali walipopiga kambi: Kariakoo ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi, ambako leo akina mama huuza vyondo.